Mchagua Fremu

Mchagua jembe si mkulima, najua.
Lakini nimekuja, na mvua imekuja nami,
hadi karakana ya Idwal nyuma ya machimbo ya zamani,
mahali mlima umechongwa vigae vya mapaa ya watu
ukabaki ngazi zisizopanda popote.

Fremu tatu zinaning'inia kwenye kulabu
kama mbuzi wa bucha, bila magurudumu, bila uma,
mbavu tupu.
Idwal hasemi karibu. Anasema, "Gia ngapi?"
Nasema moja.
Anaweka kikombe chini. "Haya, sasa tunaongea."

Moja, kwa sababu matope ya Wales yana meno.
Majira matatu ya baridi yamenitafunia
vibadilishi viwili, kebo sijui ngapi,
na Jumapili nzima nzima nimepiga magoti jikoni
na mswaki mkuukuu, nasugua sproketi,
chai inapoa.
Nataka kitu kisichonipa la kuchagua
nikishafika mlimani. Basi nichague leo.

Ya kwanza kijani, mpya, kutoka Taiwan,
mabomba yake membamba katikati, manene kwenye maungio,
nyepesi kiasi cha kutia shaka.
Naigonga kwa ukucha: ting! Inajibu upesi,
kama mtoto aliyekariri jibu kabla ya swali.
Lakini masikio yake ya nyuma yametazama chini,
ekseli haina pa kusogea,
na mnyororo wa gia moja usipovutwa sawasawa
hulegea, huruka, hukuacha juu ya jiwe
ukikanyaga hewa.

Ya pili, ekseli ya pedali imewekwa upande ndani ya tundu lake;
unalizungusha, mnyororo unakaza.
"Ujanja mzuri," asema Idwal, "hadi siku
itakapoanza kulia kwii, kwii, usijue
ni baiskeli au ni dhamiri yako."

Ya tatu rangi ya chai ya maziwa. Nzito.
Nyuma ina mianya mirefu, imelala,
ekseli inateleza humo kama droo ya kabati la mama.
Maungio ya shaba, yamepigwa tupa kwa mkono,
na kwenye bomba la juu, upande wa kulia,
bonde la ukubwa wa kidole gumba.
"Hili nini?"
"Kondoo. Morfudd alimgonga akiteremka.
Kondoo aliondoka bila hata kugeuka nyuma."
Kimya.
"Na Morfudd naye."
Si kwamba kafa. Yuko Cardiff, na daktari wa meno.

Nauliza kama hapo patapasuka.
Anafuta mikono kwenye suruali, taratibu.
"Alumini hufa ghafla. Chuma kina adabu.
Kitapinda kwanza, rangi itachanika uzi mwembamba kama unywele,
kitakwambia wiki kadhaa kabla,
kama una macho."

Miaka kumi na tisa nimekuwa muuguzi.
Namfikiria kaka yangu Tegid, Jumanne ile,
kitasa cha mlango mkononi,
hakuna ufa, hakuna mlio.
Simwambii Idwal. Napitisha kidole
kuzunguka maungio, pale shaba ilipokutana na chuma,
polepole, kama ninavyotafuta mshipa.

Nalipa pauni mia na arobaini; ishirini nitaleta Ijumaa.
Anataka kuliziba bonde, bure.
Nakataa.

Meno thelathini na mawili mbele, ishirini nyuma:
hesabu ya magoti yangu, wala si ya vijana wa magazetini.

Asubuhi ya kwanza kavu nimeipandisha njia ya machimbo.
Nimesimama juu ya pedali, nimetukana
kwa Kiwelshi, ambacho kina akiba ya kutosha,
na robo ya mwisho nimeshuka, nimesukuma.
Kondoo wametazama.
Mkono wa kulia umeshika bomba la juu,
na kidole gumba, bila kutumwa,
kimeliona bonde, kikalala humo.